Kila majeruhi aulizwe: umekojoa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo silioni likiandikwa, ingawa nilikutana nalo muda wote niliofanya kazi ya uuguzi katika hospitali za mikoa ya Lindi na Mtwara, sehemu kubwa kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume. Sasa nimestaafu, naishi Masasi, nina mikorosho yangu michache, na bado watu wananigongea mlango usiku wakiwa na mgonjwa.

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba, ajali huku kwetu zinaongezeka. Malipo ya mnada yakiingia, pikipiki mpya zinaingia barabarani pamoja nayo. Vijana wanabeba mishikaki kutoka Newala hadi Tandahimba usiku wa manane, na wengine wameshinda kwenye uraka, pombe ya mabibo, tangu asubuhi. Magazeti yanaandika waliokufa wangapi, waliovunjika miguu wangapi, kisha habari inamalizikia kwamba majeruhi wamelazwa na hali zao zinaendelea vizuri. Mimi kila nikisoma hivyo huuliza moyoni: wamekojoa?

Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Naomba kila mtu aliyeanguka, aliyegongwa au aliyebanwa aulizwe, kuanzia pale barabarani, kisha zahanati, kisha hospitali: tangu uumie umekojoa, na mkojo ulikuwa na rangi gani? Mguu uliovunjika unaonekana na kila mtu. Figo, kibofu na njia ya mkojo vikiumia huwa vimefunikwa, na mwenye navyo anaona haya kuvitaja.

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa kwetu baada ya kugongana na fuso. Eksirei ilionesha mfupa wa nyonga umevunjika upande wa mbele. Kitandani kwake walikuwepo mama yake, dada zake na mama mkwe. Daktari akimuuliza anaumwa wapi, anajibu, "Kiuno tu." Nikawaambia wale wanawake, "Mama zangu, nisaidieni, nendeni mkamtafutie uji." Nikabaki na mjomba wake, maana kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Nikavuta pazia.

"Mwanangu, tangu jana umekojoa?"

Akageukia ukutani. "Bado, mama."

Mjomba alishtuka. Akaniambia kwamba tangu alfajiri walikuwa wanamnywesha madafu, kwa sababu alilalamika tumbo limemjaa na wao walitaka mkojo ufunguke. Nilipofunua shuka, kibofu kilikuwa kimepanda karibu na kitovu, na kwenye tundu la mkojo kulikuwa na tone la damu lililokauka. Kaptula yenye damu alikuwa ameificha chini ya godoro.

Tone lile lilitosha kutuambia kilichotokea. Nyonga inapovunjika kwa kishindo kikubwa, vipande vya mfupa na nyama zinazoshikilia kibofu huhama, na njia ya mkojo ya mwanamume, ambayo hapo ndani imefungwa kwenye mfupa, huvutwa hadi ikachanika au kukatika kabisa. Damu inachuruzika nje, mkojo unabaki juu. Dafu ni kinywaji kizuri, lakini kwa mtu wa namna hii kila dafu linaongeza maji kwenye kibofu ambacho hakina pa kuyatolea.

Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshafungua pakiti ya mpira wa mkojo. Daktari akamwambia asimguse. Nawaandikia hili hasa wahudumu vijana walioko vituo vya mbali, Liwale, Nanyumbu, Kitangari, ambako usiku muuguzi anaweza kuwa peke yake na mgonjwa anayelia. Ukiona damu kwenye tundu la mkojo baada ya ajali, usisukume mpira. Njia iliyochanika nusu inaweza kumalizika kukatika mkononi mwako, au mpira ukapotelea pembeni kwenye donge la damu na kupeleka vijidudu mahali palipokuwa safi. Madaktari wenye uzoefu wakati mwingine hujaribu mara moja, taratibu sana, na ukikwama wanaacha hapo hapo. Wewe uliye peke yako na hujafundishwa, acha kabisa, piga simu, andika kwenye barua ya rufaa kwamba umeona damu.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya ajabu. Dawa inayoonekana kwenye eksirei inaingizwa polepole kupitia tundu la mkojo, mgonjwa amelazwa kiubavu kidogo, na picha inapigwa. Dawa ikifika kwenye kibofu bila kumwagika, njia ni nzima. Ikimwagika pembeni, imechanika. Ikimwagika na isifike juu kabisa, huenda imekatika yote. Kinachotakiwa ni eksirei, dawa hiyo, bomba la sindano na mtu aliyefundishwa. Mara nyingi nilichoona kikikosekana ni dawa, na dawa ikiwepo, mtu.

Kijana wetu alichomwa ganzi juu ya kinena, daktari akapitisha mpira tumboni moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Mkojo ulitoka mwingi, ukajaza mfuko, na kijana akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu ajali. Alikaa na mpira huo takriban miezi 3, kwa sababu donge la damu linatakiwa linywee na kovu likomae kabla ya kushonwa upya. Kisha alipelekwa Dar es Salaam, kovu likakatwa, ncha mbili za njia zikaunganishwa. Leo anakojoa mwenyewe na anaendesha bajaji.

Katika miezi ile alitaka kujua jambo moja tu na hakuthubutu kulisema mpaka nilipolitaja mimi. Ni kweli kwamba baadhi ya wanaovunjika nyonga na kukatika njia ya mkojo nguvu zao za kiume hupungua, kwa kuwa mishipa ya fahamu na ya damu inayopita hapo nayo huumia. Kwa wengine hurudi zenyewe baada ya miezi mingi, na kwa wengine huhitaji dawa. Waambiwe hivyo mapema, wao na wake zao. Nimeona ndoa ikivunjika na mganga wa kienyeji akilipwa korosho gunia zima kwa kuondoa uchawi ambao haukuwepo.

Kuna jeraha lingine la njia ya mkojo ambalo halivunji mfupa wowote, na kwa hiyo hupuuzwa zaidi. Mkwezi wa Mikindani anateleza kwenye mnazi na kutua miguu wazi juu ya kisiki. Mvuvi wa Msimbati anaukanyaga ukingo wa mtumbwi, unageuka, anaukalia kwa kishindo. Mtoto anateleza kwenye pedali na kuangukia bomba la baiskeli. Njia ya mkojo inabanwa kati ya kile kitu na mfupa wa kinena, inapondeka. Msamba na korodani vinavimba na kuwa na rangi ya zambarau, mkojo unatoka na damu kidogo, baada ya wiki uvimbe unakwisha, na mtu anarudi kazini.

Kovu ndilo linalobaki likifanya kazi yake kimya. Miezi au hata miaka ikipita, mkojo unakuwa mwembamba, mtu anasimama chooni muda mrefu akijikamua, usiku anaamka mara kwa mara, kila baada ya muda anapata homa. Anatibiwa UTI. Anatibiwa kisonono, na mkewe naye anadungwa sindano. Akiwa na umri mkubwa anaambiwa ni tezi dume. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuangukia kitu msambani, na yeye mwenyewe ameshasahau. Naomba madaktari waulize. Kuipanua njia kwa vyuma, au kuikata kwa ndani, humpa nafuu, lakini kwa wengi inaziba tena na tena. Upasuaji wa wazi ndio unaodumu zaidi: kovu fupi linakatwa na ncha zinaunganishwa, kovu refu linawekewa kiraka cha ngozi laini inayotolewa ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe. Watu hawaniamini nikiwaambia hivyo, lakini ni kweli. Ngozi ya kinywani imezoea unyevu, na jeraha la shavuni hupona haraka.

Niseme sasa kuhusu figo. Wengi wetu tukiambiwa figo tunashika kiuno chini. Ziko juu zaidi, nyuma, na sehemu yake inafunikwa na mbavu za mwisho. Kwa hiyo aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akatua kwa ubavu, au aliyepigwa na usukani wa pikipiki chini ya mbavu, anaweza kuwa ameumia figo, na mtoto ndiye aliye hatarini zaidi kwa sababu figo zake ni kubwa ukilinganisha na mwili wake, na mbavu zake ni laini. Mkojo wa kwanza baada ya ajali usimwagwe. Uwekwe kwenye chombo safi na uoneshwe daktari, kwa sababu dripu ikishaingia, mkojo wa baadaye huwa mwepesi na damu haionekani vizuri. Ukiwa mwekundu au kama chai ya rangi, hilo ni jibu. Ukiwa mweupe, msishangilie upesi: mshipa mkubwa wa figo unaweza kukatika kwa kishindo cha kuanguka na mkojo ukabaki safi. Daktari ataangalia pia michubuko ubavuni, mbavu zilizovunjika, mapigo na presha. Altrasaundi huonesha damu iliyomwagika tumboni, lakini picha ya CT skani iliyopigwa kwa dawa ndiyo inayoonesha figo imepasuka kiasi gani, kwa kipimo cha daraja la 1 hadi la 5.

Hapa ndipo ndugu wengi hugombana na wauguzi. Wanaona mgonjwa amelazwa tu, hapelekwi chumba cha upasuaji, anapimwa presha na mkojo, anawekewa damu, analala tena. Wanasema hafanyiwi kitu. Hayo ndiyo matibabu. Figo nyingi zilizopasuka hupona zenyewe mgonjwa akitulia kitandani, akiongezewa maji na damu na kuangaliwa kila saa. Kuzifungua haraka mara nyingi huishia kuzitoa. Kisu huja pale damu isipokata na presha ikizidi kushuka. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wanaotaka kusaidia, waende benki ya damu wakachangie. Pale ndipo msaada wao unapohitajika kweli.

Kuhusu kibofu nitasema jambo ambalo abiria wa mabasi ya Dar es Salaam wanaweza kulitumia leo. Kibofu kikiwa kitupu kimejificha ndani ya nyonga. Kikijaa kinapanda juu tumboni, ukuta wake unakuwa mwembamba, na kishindo kidogo cha mkanda au cha kiti cha mbele kinakipasua kama papai bivu. Basi likisimama kwa kuchimba dawa, shuka uchimbe, hata kama haikubani sana. Na walevi wa uraka, msiniudhikie: mwenye kibofu kilichojaa pombe akianguka kifudifudi au akipigwa ngumi ya tumbo anaweza kupasuka kibofu, na kwa kuwa amelewa hasikii maumivu mpaka kesho yake.

Kesho yake tumbo limevimba, mkojo hautoki au unatoka matone yenye damu. Akipimwa damu, majibu yanaweza kuonesha kana kwamba figo zimekufa. Figo ni nzima. Mkojo uliomwagika tumboni unanyonywa tena na mwili, na takataka zilizokwishatolewa zinarudi kwenye damu. Nimewahi kuona mgonjwa wa namna hii akiandikiwa rufaa ya kusafishwa figo. Aliyemwokoa ni daktari kijana aliyeuliza alikunywa nini, alianguka vipi, na mara ya mwisho alikojoa lini. Kibofu hupimwa kwa kukijaza dawa kupitia mpira, isiyopungua mililita 300, maana kikijazwa kidogo tundu dogo halionekani, kisha eksirei inapigwa. Kama kimepasukia ndani ya tumbo, lazima kishonwe. Kama kimepasukia chini, nje ya utando wa tumbo, mara nyingi mpira ukiachwa ndani wiki 2 hadi 3 kinaziba chenyewe.

Na sasa yale yanayotokea mgonjwa akiwa tayari mikononi mwetu, wodini. Haya yananiuma kuliko ya barabarani, kwa sababu yanazuilika.

Mpira wa mkojo una puto dogo karibu na ncha, linalojazwa maji ili mpira usitoke. Puto likijazwa kabla ncha haijafika kwenye kibofu, linaipasua njia. Kwa mwanamume mpira uingie wote mpaka kwenye panda, mkojo uonekane ukitiririka, ndipo puto lijazwe, na mgonjwa akipiga kelele wakati wa kujaza, acha, toa maji. Mgonjwa si mwoga, anakuambia puto liko mahali pabaya. Baada ya hapo mpira ufungwe pajani kwa plasta. Ni plasta kipande tu. Nimeona mgonjwa wa malaria ya kichwani, na mwingine aliyekuwa akizinduka kutoka nusu kaputi, wakiuvuta mpira na puto likiwa limejaa hadi wakautoa pamoja na damu. Nimeona mgonjwa akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye machela, watu wanne wamemshika vizuri kichwa na miguu, mfuko wa mkojo ukabaki umening'inia kwenye chuma cha kitanda. Wodini kwetu tuliweka utaratibu kwamba kabla ya kumwinua mgonjwa, mmoja aulize kwa sauti, "Mfuko uko wapi?", na hainuliwi mpaka mwingine ajibu, "Ninao mimi."

Ndugu wanaouguza nao wasikilize. Mpira ukimsumbua mgonjwa wenu, msiuvute, msiukate, mwiteni muuguzi. Mfuko ukae chini kuliko kibofu, usilale sakafuni. Na kila asubuhi ulizeni kwa adabu, "Sista, huu mpira bado anauhitaji?" Mpira uliosahauliwa ndani huleta maambukizi, na muuguzi mwenye wagonjwa 40 anaweza kusahau.

Wanawake nao wanaumia. Mwanamke aliyevunjika nyonga anaweza kuwa amechanika uke, na damu ikidhaniwa ni ya hedhi jeraha hilo linaozea ndani. Apimwe na mhudumu wa kike, pazia limefungwa, kwa upole. Msichana mdogo anayesemekana ameangukia kitu aulizwe kwa upole zaidi, bila aliyemleta kusimama juu ya kichwa chake. Wakati mwingine hakuanguka. Kama amebakwa, dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo asizungushwe. Fomu ya polisi ina kazi yake, lakini isimtangulie daktari.

Uchungu pingamizi unajulikana zaidi. Kichwa cha mtoto kinakibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa muda mrefu, nyama inakosa damu, inakufa, na siku chache baada ya kujifungua mkojo unaanza kuvuja wenyewe. Aliyekaa na uchungu kupita kiasi aachiwe mpira wa mkojo wiki 2 hata kama anajisikia mzima, ili kibofu kipumzike, na tundu dogo linaweza kuziba bila kisu. Likiwa kubwa, linashonwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inawatibu wanawake wa fistula bila malipo, na nimewasindikiza wengine stendi kwa mikono yangu. Wengine wanaanza kuvuja baada ya upasuaji wa uzazi au wa kutoa kizazi, kwa sababu kibofu au mrija utokao kwenye figo uliguswa na kisu au kufungwa na uzi. Mwanamke akitoka upasuaji wa namna hiyo akaumwa ubavu upande mmoja, akapata homa, au akahisi unyevu usiokwisha, arudi. Asiambiwe ni kawaida ya wazazi.

Siwezi kupita bila kugusa jando. Nimezaliwa Umakonde, siwezi kudharau kitu kilichowalea kaka zangu, na sitaki likomeshwe. Lakini wakati wa jando tulikuwa tukipokea watoto waliofungwa kitambaa kwa kukaza mno hadi ncha imeanza kuwa nyeusi, au waliotobolewa njia ya mkojo kwa chini, wakawa wanakojoa kupitia matundu mawili. Nimeona pia kambi ambako wazee walikubali mhudumu wa afya aingie na vifaa vyake safi, nyimbo na mafunzo yakaendelea kama kawaida, na hakuna mtoto aliyeletwa kwetu kutoka kambi ile. Wazee wetu wakiombwa kwa heshima wanasikia.

Na mama wenye watoto wa kiume: mtoto akiamka usiku analia korodani moja inamuuma ghafla, na imepanda juu, msimwambie ni mpira alioucheza jioni. Korodani inaweza kujisokota, na una takriban saa 6 kabla haijafa. Akipigwa teke ikavimba sana, afike hospitali siku hiyo hiyo, apigwe altrasaundi, kwa sababu iliyopasuka ikishonwa ndani ya siku 3 za mwanzo hupona kuliko inayochelewa.

Mhariri, zamani tulikuwa na sababu ya kushindwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mgonjwa wetu wa rufaa alisubiri pantoni ya Mto Rufiji pale Ndundu, na wakati wa masika angeweza kukwama njiani akiwa na kibofu kilichojaa. Hata Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilipokata barabara Somanga, mikoa yetu ilikaa siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar es Salaam kwa gari. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatua ya kwanza ifanyike huku huku. Kupitisha mpira juu ya kinena kunahitaji kufundishwa, lakini hakuhitaji bingwa. Kila hospitali ya wilaya iwe na angalau watu wawili wanaojua, na vifaa vyake viwe kwenye kabati la dharura, visifungiwe stoo kwa funguo za mtu aliyeko likizo. Sasa tunayo hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Mtwara, pamoja na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao. Naomba madaktari bingwa wa njia ya mkojo wawe na siku zao za kuzunguka hospitali hizi, siku zinazojulikana na kutangazwa misikitini, makanisani na kwenye redio, ili mtu wa Nachingwea asilazimike kuuza shamba kwa nauli na malazi ya Dar es Salaam.

Wajawazito na watoto wachanga wana m-mama, wanapiga 115 na usafiri unatafutwa. Tarehe 23 Mei dunia inawakumbuka wanawake wenye fistula, na ni haki yao. Mwanamume aliyekatika njia ya mkojo hana namba ya kupiga wala siku yake. Anakaa nyuma ya nyumba, mfuko umefichwa ndani ya msuli, hafiki msikitini kwa sababu anaogopa harufu, hafiki kilabuni kwa sababu anaogopa maswali.

Kwenu ninyi mlio hivyo, wanangu, najua mpo, kwa sababu wake zenu wananijia. Mpira wa tumboni hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Ukikaa zaidi, chumvi ya mkojo hujijenga juu yake kama jiwe na hautoki kirahisi. Kunyweni maji ya kutosha, osheni mahali unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku, na mkiona mkojo umeacha kutiririka au mna homa na kutetemeka, fikeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kule kuwa na mpira hakumzuii mtu kuswali, kulima wala kulala na mkewe. Asiye na fedha ya kuendelea na matibabu aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ipo kwa ajili hiyo, aende na barua ya serikali ya kijiji. Na anayeona haya kuanza mazungumzo na daktari aje na mjomba wake, au aandike kwenye karatasi kwamba hajakojoa kwa njia yake ya kawaida tangu mwezi fulani, aikunje, ampe muuguzi wa kwanza atakayemwona dirishani. Tutaisoma.

Wenu,
Muuguzi mstaafu,
Masasi, Mtwara.